Kobe Saba wa Miritini

Jumatatu, 3 Juni 2024
Daktari Mwikali, mtafiti wa kobe wa maji wanaozidi kupungua, ametuita mimi na Eddah, mke wa kaka yangu Tinga. Mimi nihesabu kinamasi cha Miritini, nyuma ya maegesho ya malori. Eddah ahesabu cha Changamwe. Kitakachoonekana kina kobe wengi kitapewa mlinzi wa kudumu, mwenye buti na kibanda. Naitaka kazi hiyo. Mama mkwe huniuliza kila Jumapili baada ya ibada nafanya kazi gani, na kila Jumapili nakohoa.

Daktari alieleza: tega, mwandike namba mgongoni kwa rangi, mwachilie, tega tena. Halafu akaanza kueleza kwa nini. Chai ikaja. Sikumsikia tena.

Jumanne, 4 Juni
Asubuhi, kobe mmoja tu. Eddah kapata watatu. Nikachukua dagaa wa mke wangu Dama jikoni, nikawamwaga mtegoni. Kufikia saa kumi, saba! Namba nne alikataa kuondoka hata baada ya kuachiliwa. Nilimsukuma kwa mguu.

Jumatano, 5 Juni
Dagaa tena. Saba tena, wale wale. Namba nne alifika kabla yangu. Eddah kapata wanne, wote wapya, hata mmoja hana namba. Anahangaika na wageni, maskini. Wangu wananijua.

Alhamisi, 6 Juni
Saba. Jumla yangu ishirini na moja, yake kumi. Nilimpelekea viazi karai kumfariji. Akasema shemeji una moyo. Dama anauliza dagaa wamekwenda wapi. Nimesema paka.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari kasoma matokeo. Wakirudi wale wale tu, alisema, maana yake hakuna wengine. Miritini ina kobe saba. Changamwe, wanakotoka wapya kila siku, huenda wamo sitini. Akanishika bega kama nimefiwa. Nilitaka kutaja dagaa, lakini ningeanzia wapi? Eddah amepewa buti. Zimemkaa vizuri. Imeniuma sana.

Saba wangu watahamishiwa kwake, wasije wakaisha.

Jumamosi, 8 Juni
Niliwabeba mwenyewe kwenye beseni. Sita. Namba nne hakuonekana. Daktari akaandika: amepotea.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe kauliza. Nimekohoa.

Jumatatu, 10 Juni
Nilipita kinamasini na dagaa wachache, kuaga tu. Namba nne huyo, akatoka majini.

Sasa kosa langu nimelijua. Ni zile namba. Nimemsugua mgongo kwa sabuni na kumbi la nazi mpaka akang'aa, nikampigia Daktari: kobe mpya Miritini, hana alama yoyote. Amefurahi mno, anakuja kesho.

Nimemwambia keshokutwa huenda akatokea mwingine.