Mlima Uko Kaskazini

Jumatatu, 4 Machi 2019. Timau.

Kifua kibaya. Baridi ya huku hupenya hata blanketi la tatu. Mchungaji alipita jana, akaniambia kwa upole kwamba mtu wa umri wangu atubu mapema. Kuongea kunanichosha. Nitatubu kwa maandishi, dhambi zikiwa bado moto.

Ya leo ni kiburi. Mjukuu wangu Gacheri ameitwa Nairobi Ijumaa, mtihani wa kuchuja marubani wa jeshi. Asipopita atabaki kuchambua maua shambani na mama yake, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mimi nina sababu yangu. Nataka mazishini isomwe kwamba marehemu alikuwa babu wa rubani. Nthiga, mwalimu mwenzangu mstaafu kutoka Ishiara, anataka hivyohivyo kwa mjukuu wake Mbaka. Sote wawili tuliletwa huku na watoto wetu tulipoanza kuanguka ovyo. Yeye huanguka zaidi.

Masomo yameanza. Rubani akipoteza mwelekeo, kwisha. Gacheri anafumba macho, anazungushwa kwenye kiti cha magurudumu, anafumbua, anaonyesha kaskazini. Alionyesha kule Isiolo. Nikamwambia kaskazini ni mlimani. Nimefundisha jiografia Embu maisha yangu yote, na kila asubuhi Mlima Kenya ulikuwa kaskazini. Akasema kwa adabu kwamba huku tuko upande wa pili, Babu. Nikamjibu kwamba mlima si ng'ombe, hauhami malisho.

Jumanne, 5 Machi.

Jua la hapa linachomoza mkono usio wake. Binti yangu Lydiah, mama yake Gacheri, anasema huo ni ushahidi. Nasema ni mawingu.

Gacheri kazungushwa tena, anakariri: mlima kaskazini, mlima kaskazini. Katapika kidogo. Maendeleo.

Dhambi ya leo: upelelezi. Nilijikokota kwa Nthiga, kisingizio tumbaku ya kunusa. Nikamkuta Mbaka amekaa ndani ya wilbaro, anasukumwa huku na huku, Nthiga anampigia kelele kwamba mlima uko kaskazini. Somo langu! Nthiga akaniuliza kama nimekuja kuaga, maana shingo imebaki kamba tupu. Nikamwambia nitamzika yeye kwanza, na hotuba nitasoma mimi.

Jumatano, 6 Machi.

Sikulala. Wakijua wote wawili, mjukuu wangu atamzidi wa Nthiga kwa lipi?

Nilimvizia Mbaka njiani. Nikamshika mkono, nikatumia sauti ya mtu anayekufa, ambayo siku hizi hainisumbui kuitafuta. Nikamwambia babu yake amezeeka, asimwaibishe, lakini huku Timau mlima uko kusini. Uongo mtupu. Kijana akanitazama kwa macho ya shukrani. Akasema hata yeye alikuwa akiona hivyo, ila angempingaje mzee. Maskini.

Natubu. Lakini si kabla ya Ijumaa.

Ijumaa, 8 Machi.

Wameenda tangu jana. Nthiga alikuja kuota moto na mimi, akaleta uji kwenye chupa. Aliniuliza kama kifua kinaniacha nilale. Nikakaribia kumwambia. Kabla sijapata pumzi, akasinzia kwenye kiti. Nikamfunika koti langu, nikatetemeka mpaka alipoamka.

Jumamosi, 9 Machi.

Gacheri amerudi. Hesabu alipita. Macho sawa, masikio sawa. Mwisho afisa aliuliza kila mmoja, harakaharaka: ukiruka kutoka kwenu kwenda mlimani, unaelekea wapi? Mbaka akasema kusini, akapelekwa mbele. Gacheri anasema ulimi wake ulitangulia akili. Kaskazini. Wakamwambia ajaribu mwakani.

Alisimulia bila kunitazama. Lydiah aliitua sahani yangu mezani hivi kwamba maharagwe yaliruka.

Jioni Nthiga akaja, amevaa tai. Mbaka amemwambia nani alimfundisha. Alinishika mikono yote miwili, akaniita ndugu, akasema kwenye mazishi yake jina langu litasomwa. Nikamjibu kwamba hakuna shida, Mwalimu.

Jumapili, 10 Machi.

Mchungaji amekuja kuuliza kama niko tayari. Nilikuwa nimewaza usiku kucha, na kosa langu nimeliona.

Nilimpa mtoto muda mfupi. Siku nne hazitoshi kumfundisha mtu kaskazini.

Gacheri anahamia Meru mjini kwa shangazi yake, ili, kwa maneno yake, Babu apumzike. Ana moyo mzuri. Wanasema kule mlima uko magharibi. Wanasema. Nimemwambia Lydiah anifungashie mablanketi yote matatu, na mchungaji nimemwomba aje tena mwakani, baada ya mtihani. Kwa sasa siwezi kufa. Nina mwanafunzi.