Afadhali Dubu Kuliko Obara

Jumatatu, 3 Juni

Spika ya kijiji imetuamsha tena kabla ya chai. Mwenyekiti hukohoa kwanza, ndipo aseme. Dubu kaonekana nyuma ya shule ya zamani. Mwingine yuko bondeni, ana mtoto. Mwanamke wa kijiji cha pili kachanwa uso jana akichuma machipukizi ya mianzi, yuko hospitali, kashonwa toka paji mpaka kidevu. Kila apandaye mlimani avae kengele, apige kelele, asiende peke yake. Asanteni. Akakohoa tena.

Avae kengele! Rahisi kwake kusema. Yeye machipukizi analetewa na wakwe. Mimi nina kichaka changu, huko juu, mianzi myembamba yenye machipukizi matamu kuliko yote ya mlima huu. Marehemu baba alinionyesha akiwa tayari mgonjwa wa kifua. Mama hakuwahi kukijua mpaka anaingia kaburini. Ndivyo tulivyo huku. Mtu atakuazima trekta, atakuazima hata suti ya mazishi, lakini ukimwuliza mboga hii umechuma wapi atakuonyesha mlima mzima kwa kidole kimoja na kusema, "Huko huko juu."

Kinue, mke wangu, kaninunulia kengele ya shaba, kubwa kama yai la bata. Kaifunga mwenyewe mkandani. Akasema, "Baba, usiivue. Nikikuzika kwa ajili ya mboga, sikusamehi." Ananiita Baba hata sasa, na binti yetu ameshaolewa huko mjini Sendai.

Nikatoka. Nafika kwenye kona ya barabara, chini kabisa ya njia yangu, naona nini? Pikapu nyeupe ya Obara! Jirani yangu, mstaafu wa posta, mtu mpole mno, upole wa kutia shaka. Injini kazima. Dirisha kashusha. Anasikiliza! Siku ile ile ninayofungwa kengele, naye ndiyo siku anayoanza kuegesha hapo. Kwa sauti ile angenifuata mpaka kwenye shina la mwanzi.

Nimerudi nyumbani kujipanga. Nimemwahidi Kinue sitaivua kengele, na ahadi ni ahadi. Nimeivalisha soksi.

Jumanne, 4 Juni

 Mwandiko leo umepinda.

Nimepanda kimya kimya, soksi inafanya kazi yake. Mle kichakani mianzi imenipita kichwa na imesongamana, ukinyoosha mkono huvioni vidole. Nimejaza nusu kikapu. Mara nasikia: tap. Mtu anavunja chipukizi. Anamenya. Anatafuna.

Obara! Na tena anakula mabichi, hana hata subira ya kuchemsha!

Nikachuchumaa. Nikabana pumzi. Nikawaza, akae, achume, achoke, aondoke akidhani kichaka hakina mwenyewe. Akisogea, nasogea. Akitulia, natulia. Miguu ikafa ganzi. Nikamlaani kimoyomoyo yeye na posta yake. Akashusha pumzi, pumzi nene kama ya ng'ombe, nikasema moyoni, kumbe mzee ana pumu, vizuri. Kisha upepo ukageuka ukaleta harufu. Mbwa aliyelowa, na kitu kilichooza chini yake. Nikainama nichungulie kwenye mashina. Nikaona mguu.

Ulikuwa na kucha. Obara hana kucha zile.

Kengele! Fundo la soksi nilikuwa nimelikaza mwenyewe kwa meno. Nalivuta, halifunguki.  Nimetoka mle kwa makalio, kinyumenyume, huku yule mwenzangu akiendelea kutafuna umbali wa urefu wa mkeka mmoja.

Nafika barabarani, Obara kafungua mlango wa gari, mguu mmoja uko chini. Akanisalimu. Akauliza mbona leo mlimani kimya hivi. Na huku ananitazama kiunoni! Nikamwambia kimya ni afya. Mnafiki mkubwa. Lakini kichaka bado hakijui, na hilo ndilo la maana.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimeonyesha akili. Nimechukua redio ya jikoni ya Kinue, nimeitundika mtini kwenye korongo la ng'ambo ya kijito, nyimbo za zamani, sauti mpaka mwisho. Obara akisikia atadhani mimi Tokuzo niko korongoni. Aende huko akapekue mawe. Mimi nivuke, niingie kichakani kwa raha zangu.

Mpango ulikwenda sawasawa. Kasoro moja tu. Sikufikiria kwamba dubu waliokuwa korongoni nao wana masikio. Yule mwimbaji aliwatoa huko mbio, na ng'ambo ya korongo ni wapi? Kwangu! Mama mtu na mwanawe. Wamevuka kijito wakanikuta nimeinama. Mama akasimama wima. Tukatazamana. Nikakumbuka mwenyekiti alisema usikimbie, rudi taratibu bila kumpa mgongo. Nilirudi taratibu hatua mbili. Zilizobaki sizielezi. Kikapu nimekiacha, kofia sijui iko wapi, gambuti moja imejaa maji ya kijito.

Jioni Obara kabisha hodi. Kaleta redio, kaivingirisha kitambaa safi, na juu yake bakuli la achari ya figili. Alisema amesikia nyimbo hazihami mahali pamoja, akaingiwa na wasiwasi, akapanda kutazama, akaikuta iko peke yake mtini. Kinue akageuka kuniuliza redio yake ilikuwa inatafuta nini mtini. Nikasema inapunga hewa.

Hawakucheka. Walitazamana, yeye na Obara. Sikupenda walivyotazamana.

Ijumaa, 7 Juni

Jana nimelala na kufikiri. Jibu limekuja lenyewe: harufu haina sauti!

Ghalani tuna yale maji meusi yanayokingwa kwenye moshi wa tanuri la mkaa. Watu huyaning'iniza kwenye chupa pembeni mwa mashamba, dubu akinusa anadhani kuna moto, anageuza. Basi mbona chupa? Nimejipaka mwenyewe. Shingo, mikono, suruali, kofia mpya. Macho yalitoa machozi kuanzia getini.

Na yamefaa! Hakuna dubu, hakuna ndege, hata mbu hakuna. Nimejaza kikapu mpaka juu nikiwa nalia. Nikasema leo nimewaweza wote.

Ndipo nikasikia ving'ora. Nachungulia, kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha kijiji kinapanda na mipira ya maji, mwenyekiti mbele, kinakuja moja kwa moja upande wangu. Obara alikuwa kwenye kona yake, akanusa moshi unateremka na upepo, akapiga simu kwamba mlima unaungua na Tokuzo yuko ndani. Nimeshuka mbio kuwawahi kabla hawajafika kichakani. Nikawaapia moto ni mimi. Mwenyekiti akanizunguka, akaninusa, akaniuliza kama mambo ya nyumbani kwangu ni salama. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini.

Kinue kanimwagia maji uani kwa ndoo. Nimekula nje, dirisha limefungwa, tunasemeshana kwa ishara. Ameandika kwa kidole kwenye kioo: Jumapili naenda na wewe.

Jumapili, 9 Juni

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Amekuja. Nimebembeleza, nimenuna, wapi! "Tunakwenda wote au huendi." Kwa hiyo nimemzungusha. Tumevuka kijito tukarudi, tumelipita jiwe moja mara tatu, nikimwambia ni mawe yanayofanana. Njia nzima kengele yake inalia na yeye mwenyewe hanyamazi: magoti ya dada yake, kikohozi cha mwenyekiti, mapazia ya binti yetu. Dubu gani angekaa asikilize mapazia? Kusema kweli nilikuwa sijawahi kupanda mlima huu bila woga namna ile.

Tumefika pembeni mwa kichaka. Nikatazama chini kupitia miti. Kidoa cheupe kwenye kona ya barabara. Yupo!

Nikamwambia Kinue anyamaze. Akasema mwenyekiti kasema... Nikamwambia anyamaze, na kengele aishike isilie.  Kisha akanyamaza. Akaishika kengele kwa mikono miwili kifuani, akaegemea mti wa pembeni, mimi nikaingia.

Kimya. Nikachuma. Kimya kizuri kabisa. Halafu kikawa kimya cha namna nyingine, ndege wote wameacha, na juu ya kile kimya nikasikia meno yanagonganishwa. Si ya mtu.

Nikatoka kwa magoti. Mtoto wa dubu alikuwa juu ya mti. Mti ule ule aliouegemea Kinue. Na mama yake alikuwa chini, katikati yetu, mgongo kwangu, uso kwa mke wangu. Manyoya ya shingo yamesimama. Kinue hakusogea. Alikuwa bado ameikumbatia ile kengele isilie, kwa sababu nilimwambia. Hakumtazama dubu. Alinitazama mimi.

Na mimi nikatazama barabarani kwanza.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilitazama kile kidoa cheupe, nikapima. Nikipiga kelele, Obara atajua. Sikukaa sana. Lakini nilikaa.

Kisha dubu akapiga hatua kwa Kinue na kichwa changu kikawa kitupu. Nikapiga kelele mpaka nikasikia damu kooni. Nikapiga kikapu kwa kisu, nikaipiga chupa ya chai kwenye jiwe. Jina la Kinue, jina la Obara, jina la marehemu baba. "Kichaka kiko hapa! Hapa hapa! Njooni!" Dubu akageuka. Akanijia mimi, mbio fupi, akasimama karibu hata nikamwona ute mdomoni. Nikafumba macho. Nilisikia tu, paa! Paa-paa-paa! Fataki. Filimbi. Paa! Nilipofumbua, mianzi ilikuwa inajifunga nyuma yake, na mtoto anateremka mti upande wa pili kama mzigo uliokatika kamba.

Obara alikuwa amesimama pale, filimbi mdomoni, kiberiti mkononi, uso umekuwa wa majivu. Alitokea nyuma ya lile jiwe, kwa njia ya mkato ninayoijua mimi peke yangu. Akauliza, "Mmeumia?"  Kinue alikaa chini pole pole na mikono ikamfunguka. Ndipo kengele ikalia.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi Kinue kaniwekea mchuzi wa miso, ule wa soya iliyochachushwa, na kukaa mbele yangu bila kula.

Akasema kichaka anakijua tangu mwaka tuliooana. Alionyeshwa na mama yangu. Mama! Wanawake wa nyumba hii wamekuwa wakienda kuchuma masalia yangu miaka yote. Na Obara anakijua kuliko sisi, baba yake na baba yangu walikigundua wote wawili wakiwa wanafukuzana na nyuki. Machipukizi hayali. Yanamsumbua tumbo.

Pale barabarani aliombwa na Kinue. Walikubaliana siku aliyoninunulia kengele: wewe sikiliza, ikinyamaza, panda. Ndiyo maana Jumanne mguu wake ulikuwa chini. Ndiyo maana jana alikuwa ameshafika katikati ya njia kabla mimi sijafungua mdomo.

Nimeuma kijiti cha kulia chakula. Nikasema basi yote yameisha salama.

Akasema, "Jana ulitazama barabarani kwanza."

Nikasema nilikuwa naangalia msaada uko wapi.

Akasema, "Baba." Hilo tu. Akaondoa vyombo, na changu kilikuwa bado kina mchuzi. Mchana kutwa hajanigombeza hata kidogo. Natamani angegomba. Natamani yule dubu angenipiga hata kofi moja, nirudi nyumbani na bandeji.

Jumanne, 11 Juni

Nimempelekea Obara chupa kubwa ya pombe ya mchele. Nimeinama mlangoni kwake mpaka kiuno kikalia. Nikamshukuru kwa ajili ya Kinue, na nilimaanisha, machozi yalinitoka. Akasema si kitu, sisi ni majirani. Akanikaribisha chai.

Nimerudi nikifikiri. Mpole mno yule. Mtu gani anakaa garini kila asubuhi kwa ajili ya roho ya mtu mwingine? Na kwa mtu asiyekula machipukizi, mbona alipanda ile njia ya mkato kwa wepesi vile, kama mtu anayepita kila siku? Anapita kwenda wapi? Juu ya kichaka changu kuna nini?

Kuna kingine! Lazima kipo. Kikubwa, kitamu zaidi, na Obara anakaa pale chini siku nzima ili mimi nisipande zaidi. Na mimi nimempelekea pombe!

Leo leo naenda. Kengele nimeiacha msumarini, fataki sina haja nazo, kazi hii inataka kimya. Nimevaa gambuti, nimefika mlangoni. Kinue akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia kwa kinyozi.

Akakitazama kipara changu, akaenda kumpigia Obara simu.