Kwa Mujibu wa Ofisi, Barabara ni Nzuri

Wananchi wote wa mwambao, kuanzia Gitaza hadi Kabonga, walitangaziwa kwamba tangu tarehe mosi Machi ukweli ungekuwa na ofisi yake mjini Rumonge, nyuma ya soko, mlango wa pili. Saa za kazi ni mbili asubuhi hadi tisa na nusu. Mapumziko ya mchana yangeheshimiwa.

Tangazo hilo niliandika mimi. Naitwa Anwari, Katibu wa Kamati ya Ugatuzi wa Habari na Utuzaji wa Uandishi Mwaminifu. Watu wa sokoni walishindwa kulitamka jina hilo wakatuita "watu wa kashe", kwa sababu ya mhuri wetu. Hatukukasirika. Ulikuwa mhuri mzuri, wa duara, wenye wino wa zambarau.

Mkurugenzi wetu, Bwana Roger, alifafanua ugatuzi siku ya uzinduzi. "Zamani habari zote zilitoka sehemu moja," alisema. "Huo ulikuwa ukiritimba. Sasa habari zitatoka kila zoni na kila kilima, na zote zitapita sehemu moja." Akaonyesha meza yangu. Watu walipiga makofi, hasa wale walioahidiwa fanta.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwandishi wa zoni analeta habari, Kamati inaisoma, naipiga mhuri, inarudi kwa wananchi ikiwa imeaminika. Kwa kawaida ilichukua siku nne. Habari ya mvua ilirudi wakati jua limeshatoka, lakini ilirudi ikiwa imethibitishwa, jambo ambalo mvua yenyewe haikuwa nalo.

Mwandishi mwaminifu kuliko wote angepewa moto, pikipiki mpya nyekundu iliyokaa ofisini kwetu ikiwa bado imefunikwa nailoni. Uaminifu ulihesabiwa kwa mihuri. Aliyeongoza ni Mwalimu Barnaba wa Gatete, aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania na Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba Mkurugenzi alimsikiliza akiwa amefumba macho. Barnaba alikuwa na mihuri arobaini na mmoja. Siku moja aliandika "Hali ya mwambao ni shwari," na siku iliyofuata "Hali ya mwambao inaendelea kuwa shwari." Hakuna aliyeweza kumkosoa.

Tatizo letu lilikuwa mwanamke mmoja wa Gitaza aitwaye Sikuzani.

Mama Sikuzani alikuwa mwanika ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Hakuwa na kadi ya uandishi wala mafunzo. Alikuwa na telefone yenye kioo kilichopasuka, na kila asubuhi alituma sauti kwa wafanyabiashara wenzake, nao wakaituma kwa wenzao, mpaka ikafika kwa watu ambao hawajawahi kumwona.

"Amahoro, wamama," alisema. "Niko hapa Gitaza. Jua iko, lakini kule juu ya kilima naona wingu. Anikeni sasa, saa sita muondoe. Barabara iko muzima, ila pale kwa daraja ndogo kamyo zipite moja moja."

Ndiyo hiyo tu. Hakukuwa na marejeo wala sahihi. Kibaya zaidi, alikuwa na tabia ya kusema, "Jana nilisema mvua haitanyesha. Ilinyesha. Nilikosea, munisamehe."

Kamati ililijadili jambo hili kwa vikao viwili. Mkurugenzi alilichambua kitaalamu. "Mwandishi anayekiri makosa," alisema, "ni mwandishi mwenye makosa. Barnaba hajakiri hata kosa moja." Tuliandika hivyo katika muhtasari. Kisha tukaandika barua ya kumwita.

Alikuja Jumatano akiwa na harufu ya samaki na khanga safi. Mkurugenzi alimwacha asimame.

"Mama, nani alikupa ruhusa ya kusema kwamba kilima cha Gitaza kimepasuka?"

"Nilikiona, Shefu. Ufa iko juu ya barabara. Mukono wangu unaingia mpaka hapa." Alionyesha kiwiko.

"Kuona ni jambo la mtu binafsi. Mimi nauliza kuhusu kuthibitisha."

"Niliingiza mukono, Shefu."

"Mkono wako hauko kwenye orodha ya vyanzo," Mkurugenzi akamwambia, na hapo alikuwa sahihi, kwa sababu orodha hiyo niliitengeneza mwenyewe. "Jumamosi tunapokea ujumbe mzito kutoka Bujumbura kwa ajili ya tuzo. Watapita Gitaza. Unataka waogope?"

"Nataka wapite mapema, kabla ya mvua."

Tukaichukua telefone yake kwa uhakiki. Alitia sahihi, akaisoma risiti mara mbili, kisha akanigeukia mimi. "Katibu, watu watapiga simu. Wakiuliza, uwaambie ukweli, tafadhali."

Nilimhakikishia kwamba hilo ndilo jukumu letu kisheria.

Telefone niliifungia kabatini. Alhamisi mvua ilinyesha kutwa nzima, na kabati likalia kutwa nzima. Mkurugenzi aliamuru telefone ifungwe ndani ya faili nene. Ikaendelea kulia, lakini kwa heshima zaidi. Wakati huohuo Barnaba, akiwa kwenye meza ya pembeni, alinakili taarifa rasmi kutoka kinywani mwa Mkurugenzi: "Barabara ya Bujumbura hadi Rumonge ni nzuri." Niliipiga mhuri dakika hiyohiyo. Haikuwahi kutokea habari ikathibitishwa haraka namna ile.

Siku hiyo mke wangu Aliya alinijia ofisini akiwa amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Aliya anauza ndagala. Magunia yake kumi na mawili yalikuwa yakisubiri kamyo ya kwenda Bujumbura.

"Baba Kaoutar, Mama Sikuzani hasikiki tangu jana. Barabara iko namna gani?"

"Barabara ni nzuri," nilimwambia.

"Wewe umeiona?"

Nilimwonyesha karatasi. Aliusogelea mhuri akautazama, kisha akanitazama mimi. Baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, aliamua kuniamini. Kesho yake asubuhi alipakia magunia.

Ijumaa hiyo saa nne kabati lililia tena. Mkurugenzi alikuwa ametoka kukagua viti vya sherehe. Sikuweza kuvumilia, nikafungua faili nikapokea.

"Mama Sikuzani?" ilisema sauti ya mwanamume. "Mimi Idi, ni dereva. Kesho nabeba wakubwa kuja Rumonge. Tupite Gitaza, ao tungoje?"

Nilikohoa. "Barabara ni nzuri."

"Wewe nani?"

"Ofisi," nilisema, nikakata.

Kilima kilianguka saa sita mchana ule. Sehemu ya barabara ilishuka ziwani pamoja na migomba. Hakuna aliyekufa, na hilo namshukuru Mungu bila kusubiri uthibitisho. Lakini kamyo iliyobeba magunia ya Aliya ilikuwa imezama kwenye tope mita chache kabla, turubai lake limepasuka. Mvua ilinyeshea magunia mpaka jioni. Aliya aliletewa habari na mwanamke aliyetoka Gitaza kwa miguu. Alirudi nyumbani, akapika, akaniwekea sahani, akaondoka. Ndagala zikilowa namna ile hazifai hata kwa bata.

Nilimweleza Mkurugenzi.

"Barua ya kuanguka kwa kilima imefika?"

"Bado, Mkurugenzi."

"Basi tuendelee na viti."

Jumamosi viti vilipangwa vizuri. Ujumbe ulitarajiwa saa nne. Saa nane ulifika, lakini kutoka upande ambao hatukuutegemea. Mtumbwi wa injini ulitia nanga ufukweni, na kati ya magunia alisimama Mheshimiwa Agata, mkuu wa ujumbe, akiwa na kiatu kimoja. Gari lake lilikuwa limekwama Gitaza hadi milangoni. Wanawake wa ndagala walikuwa wamemtoa kwa kamba, wakamwosha miguu, wakampa khanga, wakampakia. Nyuma yake aliteremka dereva Idi, na nyuma ya Idi, Mama Sikuzani, ambaye alikuwa amekuja kufuata telefone yake.

Mkurugenzi alimpokea Mheshimiwa kwa hotuba. Hakuna kipengele cha ratiba kilichoondolewa. Bendi ilipiga. Kisha Mwalimu Barnaba aliitwa mbele kupokea ufunguo wa moto, na kama ratiba ilivyotaka, alipewa kipaza sauti asome habari yake iliyoaminika kuliko zote.

Barnaba alifungua karatasi. "Barabara ya Bujumbura hadi Rumonge ni..." Akautazama mguu wa Mheshimiwa usio na kiatu. Tope lilikuwa limekauka hadi gotini.

"Mwalimu, endelea," Mkurugenzi alinong'ona.

"Siwezi," Barnaba alisema ndani ya kipaza sauti. Kiswahili chake kilikuwa bado kimenyooka. "Sikwenda Gitaza. Niliandika nilichoambiwa, nikiwa mezani, kwa sababu nilikuwa naitaka hiyo moto. Nilikosea."

Nilimkumbusha Mkurugenzi kwa sauti ya chini kwamba kwa mujibu wa Ibara ya Saba, mshindi anayekiri kosa anapoteza mihuri yote. Mheshimiwa alinisikia.

"Mihuri nitaishughulikia baadaye," alisema. "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Dereva wangu alipiga simu jana kuuliza njia. Idi, nani alikujibu?"

"Nilipiga kwa Mama Sikuzani, Mheshimiwa. Sisi madereva wote tunapiga kwake. Akajibu mwanamume. Akasema yeye ni Ofisi."

Katika Kamati yetu Mkurugenzi ndiye msemaji pekee, kwa hiyo nilinyamaza kwa kufuata kanuni. Lakini kwenye safu ya tatu Aliya alisimama.

"Ni bwana yangu huyo," alisema akininyooshea kidole. "Hata mimi alinijibu vilevile. Magunia kumi na mbili, Mheshimiwa. Yote."

Nilikiri. Nilikiri pia kuhusu kabati na faili. Mheshimiwa Agata aliniamuru nikailete telefone, nikaileta kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe alimkabidhi Mama Sikuzani, kisha akauchukua ufunguo wa moto kutoka mkononi mwa Barnaba.

"Na hii pia ni yako, Mama."

"Murakoze, Mheshimiwa, lakini mimi sijui kuendesha," alisema Mama Sikuzani, akiwa tayari anatazama simu zilizompita. Zilikuwa mia mbili na kumi. "Hii inanitosha. Ila wamama wamepoteza mali. Hiyo moto iuzwe, walipwe."

Mkurugenzi alieleza kwamba mali ya mradi haiuzwi kabla ya tathmini ya miezi sita. Mheshimiwa alisema imeshatathminiwa, akamwita mnunuzi palepale sokoni. Kisha akamgeukia Bwana Roger.

"Nimesoma nyaraka zako kwenye mtumbwi. Umeandika kwamba ugatuzi ni kuipeleka ofisi mahali habari ilipo."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Ukurasa wa pili."

"Habari iko Gitaza. Jumatatu, saa moja asubuhi, uwe umesimama pale. Utawaambia watu barabara iko vipi, kwa telefone ya mama huyu, mpaka itengenezwe. Katibu wako atakushikia mwavuli."

Jumatatu tulienda kwa mtumbwi. Mkurugenzi alivaa tai. Mama Sikuzani alituongoza hadi ukingoni, akabonyeza telefone, akaisogeza karibu na mdomo wa Mkurugenzi.

"Kwa mujibu wa taarifa zilizoifikia ofisi yangu," Mkurugenzi alianza.

"Shefu," alisema Mama Sikuzani, "unaona nini?"

Mkurugenzi alitazama chini. Sijawahi kumwona akitazama kitu kwa muda mrefu hivyo bila kukitia sahihi.

"Naona tope," alisema. "Barabara haipo. Iko njia ndogo upande wa kilima, ya mguu. Mtu mmoja anapita. Kamyo, hapana."

"Basi," alisema Mama Sikuzani, akaituma.

Hazikupita dakika mbili majibu yakaanza. Moja lilikuwa sauti ya Aliya, ambaye hakuwa amenisemesha mimi tangu Ijumaa. "Murakoze sana, Shefu. Leo tumejua. Magunia yatapita ziwani."

Bwana Roger aliomba alisikie tena. Akalisikiliza mara ya pili, na ya tatu, telefone iliyopasuka ikiwa imebanwa sikioni. Halafu alilegeza tai, akavua viatu, na kwa sauti ya kikazi kabisa akaniamuru niushike mwavuli vizuri, kwa sababu alitaka kwenda kuangalia upande wa pili.