Gunia la Mboga la Aoko

Jumapili, 11 Mei

Leo naanza kuandika. Daftari ni la Ryan, la hesabu, lakini kurasa za nyuma bado safi. Mtu aliyeona dunia kama mimi asipoandika ni hasara kwa taifa. Mombasa nimefika mara mbili. Kampala mara moja. Shule niliachia darasa la saba, na si kwa ujinga. Tulichokana tu.

Kwa faida ya vizazi vijavyo: mimi ni Okello, fundi wa mjengo, mkaaji wa Kianda hapa Kibera. Mke ni Eddah, anashona nguo, na mdomo wake umenolewa kuliko makasi yake. Watoto wanne. Tonny ana miaka kumi na tano na anajua kila kitu. Aoko, kumi na mmoja, haongei sana. Ryan ana saba, anauliza maswali hata akiwa anatafuna. Adhis ana mitatu. Jana alikula chaki.

Sasa jambo lenyewe. Aoko ameleta karatasi kutoka kwa Mwalimu Wangoi. Kila mwanafunzi apande sukuma wiki kwa gunia nyumbani, mzazi amsaidie. Jumamosi ya tarehe 31 mwalimu atapita ploti kwa ploti kuangalia. Atakayeonyesha ameelewa zaidi atasimama mbele ya wazazi wote siku ya wazazi, aeleze.

Aoko hakusema anataka kusimama. Alisoma hiyo sentensi mara mbili, akakunja karatasi polepole kama anakunja noti. Nikajua. Huyu mtoto tangu aanze shule hajachaguliwa hata kushika kengele.

Nimemwambia mambo ya gunia aniachie mimi. Miaka kumi na sita kwa mjengo. Gunia ni nini? Ni nguzo fupi.

Jumatatu, 12 Mei

Udongo umepatikana! Kule Kawangware tunakojenga tunachimba msingi wa flati. Nimeshuka hadi chini kabisa nikachota ule mwekundu, safi, ambao haujaguswa na mtu tangu Mungu aumwage. Nimejaza gunia nusu, nikabeba begani hadi Kibera. Khamala, msimamizi wetu, aliuliza kwani Kibera udongo umeisha. Watu wengine hawana maono.

Kufika kwa ploti nimemkuta Kavoi. Kavoi ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, fundi wa viatu, mtu wa Kitui. Mtoto wake Alvin yuko darasa moja na Aoko. Yeye alikuwa anachanganya udongo mweusi na mavi ya ng'ombe kwa mikono, huku Alvin akimsomea maagizo. Mtu mzima anaagizwa na mtoto! Nilimhurumia.

Mimi na Kavoi tunapendana lakini tunashindana. Redio, rangi ya mlango, mtoto wa nani alitembea kwanza. Adhis alimshinda Kaluki, mtoto wake mdogo, kwa siku mbili. Niko na mashahidi.

Jumatano, 14 Mei

Gunia limesimama. Niruhusu nijisifu, kwa sababu hapa nyumbani hakuna aliyejitolea kunisifu.

Aoko alitaka kunisomea karatasi. Ati udongo uwe mwepesi, umechanganywa na mbolea. Ati katikati pawe na kokoto kutoka juu hadi chini, unazipanga kwa mkebe uliotolewa matako, ndio maji yafike hadi chini. Nilicheka kwa upole. Kokoto tupu, bila simiti, katikati ya nguzo? Fundi akiona hivyo atauliza ni nani alilewa. Nikamweleza kwamba Mwalimu Wangoi ni mama mzuri lakini hajawahi kujenga hata choo.

Nikatia udongo kidogo, nikashindilia kwa chuma. Nikatia tena, nikashindilia. Tabaka kwa tabaka. Mwisho nikapima na timazi. Limenyooka kuliko nyumba nyingi za Nairobi. Adhis alilisukuma kwa mgongo, halikutikisika. Tonny akatoa kichwa mlangoni: "Buda, hiyo ni sukuma ama ni nguzo ya flyover?"

Aoko aliuliza swali moja tu. Mizizi itapitia wapi? Nikamwambia mizizi ya mti hupasua hata ukuta wa mawe, itashindwa na gunia? Akachukua msumari mrefu na nyundo, akatoboa mashimo pembeni, akapanda miche kumi na miwili. Kila mmoja aliunong'oneza kitu.

Jumanne, 20 Mei

Miche imelala. Eddah anasema imekufa. Mimi nasema imepumzika.

Ya Kavoi imesimama. Asubuhi alinisalimia kwa heshima nyingi sana, akauliza, "Baba Tonny, hiyo nguzo yako itabeba orofa ngapi?" Mkewe Mutheu alikuwa ndani na nikasikia kikombe kikianguka.

Nimechunguza tatizo. Ni kiu. Nimemwaga mtungi mzima juu ya gunia, na kwa kweli nilifurahi, kwa sababu hakuna tone lililovuja. Maji yalikaa pale juu kama kwenye karai. Ryan akaweka kifuniko cha soda kielee, akasema ni meli ya Mbita, ile ya ziwani. Adhis akaosha mwanasesere wake. Kabla ya jioni kulikuwa na watoto saba wa ploti wakisubiri zamu. Gunia la Kavoi halina watalii.

Aoko aliangalia ile bahari, akaangalia miche yake pembeni, akaingia ndani.

Jumamosi, 24 Mei

Mwalimu Wangoi ameomba kwa WhatsApp ya darasa kila mzazi atume picha ya maendeleo. Nikapata wazo. Nina akili ambayo shule haikuimaliza.

Kavoi akiwa bafuni, nilipiga picha gunia lake. Nikasogea karibu sana hadi zikaonekana sukuma tupu, kijani, zimenona. Nikatuma na maneno: "Kazi ya Aoko Okello, kwa msaada mdogo wa mzazi." Wazazi wakaanza kupongeza. Vidole gumba vikamiminika. Mzazi mmoja anaitwa Seline aliuliza natumia mbolea gani. Nikamjibu: mapenzi.

Kisha Kavoi akaandika, mbele ya wazazi arobaini na tatu: "Asante jirani kwa kunitangazia gunia. Na huyo kwa dirisha ni mimi, napiga mswaki."

Nikafungua picha upya. Kweli. Kwa juu, upande wa kulia, Kavoi na povu lake. Kumbe alikuwa ametoka bafuni.

Tonny amecheka hadi akalala sakafuni. Eddah amenipokonya simu. Lakini Aoko hakucheka. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kama mwalimu sasa atafikiri yeye ndiye alinituma. Nikasema hapana, mwalimu anajua mimi ni mtu wa utani. Sina hakika kama anajua.

Jumatano, 28 Mei

Sijaandika kwa sababu hakukuwa na ushindi.

Leo nimerudi mapema, mvua imefunga kazi Kawangware. Nikaingia kwa korido nikamkuta Aoko amesimama mbele ya gunia lake, mikono nyuma. Midomo inatembea. Nikasikiliza. Alikuwa anasema, "Wazazi wapendwa na walimu, jina langu ni Aoko, na hili ni gunia langu." Kisha ananyamaza, anaangalia vile vijiti vilivyokauka, anaanza tena. "Wazazi wapendwa."

Nikarudi nje. Nikaenda kununua chumvi. Chumvi tulikuwa nayo.

Siku tatu zimebaki. Sitalala. Nimesema vibaya: nitalala, lakini nikifikiria.

Ijumaa, 30 Mei

Suluhisho! Nimeamkia soko la Kawangware na kununua sukuma, majani makubwa kama masikio ya ndovu, na mashina yake. Nikaomba ruhusa kazini saa nane, nikasema mtoto ana shida, na si uongo. Kufika nyumbani nikatoa tindo na nyundo. Ilibidi. Gunia lilikuwa limekuwa gumu, cheche zilikaribia kutoka. Nikachonga mashimo ishirini, nikachomeka sukuma moja moja. Nikarudi nyuma hatua tatu. Gunia lilikuwa limependeza kuliko bibi harusi. Kavoi alitazama, akapiga saluti.

Aoko akatoka shule. Alisimama na begi mgongoni. Alizunguka gunia mara moja. Akavuta jani moja likatoka lote na kamba ya soko bado imefungwa kwa shina.

"Baba," akasema, "hizi si zangu."

Nikaanza kueleza. Kwamba ni ya kesho tu. Kwamba mwalimu atakaa dakika tano. Kwamba hata flati za matajiri hupakwa rangi siku ya kuuzwa. Yeye alikuwa anachomoa, moja baada ya nyingine, anampa Ryan, Ryan anampa Eddah, Eddah anakata. Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa rahisi kama wangenigombeza.

Kisha Aoko akaniomba kitu. Nipasue gunia katikati, kutoka juu hadi chini, aone ndani. Nikauliza kwa nini, kesho si mwalimu anakuja? Akasema anataka kujua kilichoua sukuma yake.

Kupasua kazi yako mwenyewe si mchezo. Nimejenga kuta nyingi na sijawahi kubomoa hata moja kwa hiari. Lakini nilishika tindo. Kavoi akaja na yeye, bila kuitwa, na msumeno. Tulifanya kazi pamoja bila kutaniana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Gunia likafunguka kama mkate. Juu, kiasi cha vidole vinne, tope. Chini yake kote, jiwe. Kavu kama tofali. Ile mizizi midogo ilikuwa imegonga ule ugumu ikajikunja, imerudi ilikotoka.

Aoko akalala kifudifudi na rula, akapima. Akaandika. Akachora. Akaenda kwa Alvin wakapima gunia lao pia, pale kokoto zinapopita. Alirudi na uso mwingine kabisa.

Tumekula ugali na sukuma ya maonyesho. Tamu sana. Adhis amekula mpaka kamba.

Jumamosi, 31 Mei

Mwalimu Wangoi alifika saa nne, amekuja kwa miguu kutoka Ayany, viatu vyote tope. Kwa Kavoi alisifu, akatia alama. Kisha akasimama mbele ya gunia letu lililopasuliwa, akaniangalia mimi. Nilifungua mdomo. Eddah akanikanyaga.

Aoko akaongea. Dakika kumi na mbili, nilihesabu kwa simu. Maji yalifika wapi, kwa nini yalikwama, mizizi ilifanya nini ikikosa nafasi, gunia la Alvin lina tofauti gani. Alionyesha michoro. Wakati wa kueleza aliyeshindilia udongo, alisema "tulishindilia". Tulishindilia! Chuma kilikuwa changu peke yangu. Nikaangalia dari, na pale koridoni hakuna dari, kwa hivyo nikaangalia mbingu.

Mwalimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamwambia wenye sukuma nzuri ameona wengi, lakini anayejua kwa nini ni huyu wa kwanza. Ijumaa, siku ya wazazi, atasimama yeye.

Aoko alisema asante mwalimu. Akangoja mwalimu apotee kwa kona. Halafu akaruka, akanirukia mimi, si mama yake. Niandike hivyo kwa herufi kubwa: SI MAMA YAKE.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya wazazi. Suti yangu ya harusi bado inafunga, ukivuta pumzi ndani. Mimi na Tonny tulibeba nusu ya gunia hadi shuleni kwa mkokoteni, Kavoi akasukuma nyuma. Hata tulipolishusha kwa nguvu halikumeguka. Nilitaja hilo kwa watu kadhaa.

Ukumbi ulijaa. Aoko akasimama, mikono nyuma. Alianza na wazazi wapendwa. Nikawa nafuata kwa midomo, Eddah akanifinya. Akaeleza yote, mchoro wa gunia la Alvin kushoto, gunia letu kulia. Kisha akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Gunia hili halikufa kwa kuachwa. Lilikufa kwa sababu lilijengwa vizuri sana. Aliyelijenga ni baba yangu. Baba, simama wakuone."

Nikasimama. Wazazi wote wakapiga makofi, wengine wakipangusa machozi ya kicheko, lakini machozi ni machozi. Niliinama mbele, kushoto, kulia. Pale mbele Aoko alikuwa anacheka na meno yote, mtoto ambaye hucheka akifunika mdomo. Kifungo cha suti kikakatika. Kiende.

Jumapili, 8 Juni

Siku mbili nimekuwa mtu mashuhuri. Seline wa WhatsApp amenisimamisha njiani karibu na Nyayo Highrise, akaniuliza kama mimi ndiye yule baba. Nikasema ndimi. Kavoi nimemwambia kama ndugu kwamba gunia lake ni zuri ila lina kasoro moja: hakuna mtu alijifunza kitu kutoka kwalo. Ukweli ulimuuma: aliingia kwake akiwa ameshika tumbo.

Aoko na Eddah wamepanda gunia jipya. Kokoto katikati, udongo mwepesi. Nimeambiwa kazi yangu ni kuteka maji na kukaa mbali. Sawa. Mtu akishafika kileleni huachia wengine nafasi.

Na kwa wakati mzuri, Ryan naye ameleta karatasi. Darasa lao watafuga kifaranga, kila mtoto atengeneze kibanda kidogo, mwalimu ameandika kibanda cha boksi. Boksi! Kwa mvua hii ya Nairobi! Ryan aliuliza kama kifaranga kitapata hewa. Nikamwambia hewa ni mambo madogo, tutaiwekea dirisha mwishoni.

Msingi nimeshachimba. Futi mbili kwenda chini, na nondo.