Kiboksi cha Moto na Mpunga wa Noela

Jumatatu, 9 Juni
Daftari, hujambo? Sisi tupo. Baba Donatus ni mgongo tu unaomsumbua. Bibi Limi anakula vizuri. Binti yangu Noela anaolewa Jumamosi, hata uji haumshuki. Kaka yake, Donatus, yuko Geita, fundi mitambo mgodini. Mbuzi wawili wazima. Na mimi nimepewa zamu ya mchana kwenye mashine ya kukaushia mpunga hapa Kahama. Mimi! Wa darasa la nne!

Mpunga unaingia juu, unatokea chini baada ya nusu saa. Kuna kiboksi kinachopima unyevu kwenye mlango wa chini, kinaongeza au kupunguza moto chenyewe. Kinatafuta unyevu wa asilimia kumi na nne. Donatus ndiye aliyekifunga, kitufe cha ukali, cha kukiambia kibadili moto kwa nguvu gani, akakiweka mbili. Akasema mama, usikiguse. Sawa.

Jumanne, 10 Juni
Kumi na saba. Nikangoja dakika tano nzima. Kumi na saba! Kiboksi kinaumwa, maskini. Nikakisaidia kidogo tu, ukali nane. Namba ile ile. Nikaweka tisa. Mara unyevu ukashuka kumi na moja, mpunga unapasuka kama bisi! Kiboksi kikazima moto. Kumi na tisa, mbichi kabisa. Halafu bisi tena! Bosi Edward akauliza nakausha au nakaanga. Na Ijumaa unaingia mpunga wa harusi ya Noela. Wakwe wale chenga? Nitaficha wapi uso?

Jumatano, 11 Juni
Mageni, binti wa zamu ya asubuhi, anarudisha kitufe kwenye mbili na kupata kumi na nne kila siku. Ana dawa huyo. Nikajificha nyuma ya magunia. Anaangalia namba mara moja, anakaa kuchambua mchicha. Basi! Nikapiga chafya. Akauliza, mayu, mama yangu, huko nyuma unaatamia mayai?
Acheke. Siri nimeipata. Ni mchicha.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekuja na mafungu manne. Yameisha kwa dakika kumi. Bado kumi na saba. Nikagusa. Bisi.
Nikampigia Donatus. Akasema namba ya sasa ni ya moto wa nusu saa iliyopita, nirudishe mbili, nikae mbali. Nikasema nimeelewa. Sijaelewa. Moto wa zamani, mbona jasho ni la sasa?

Ijumaa, 13 Juni
Mpunga wa Noela! Mageni kakifunika kiboksi kwa kanga yake. Bosi kanikalisha nje na gunia zima la mchicha, nisiingie mpaka liishe. Nimechambua huku nasali. Umetoka kumi na nne. Umekobolewa, mchele mrefu, mweupe! Nimelia.
Si nilisema? Jana mchicha ulikuwa kidogo.

Jumamosi, 14 Juni
Harusi saa nane, Donatus hayupo. Asubuhi nilimwandikia apande basi. Dakika tano kimya. Nikaandika asipande, apitie Nkome, kule ziwani, alete sangara. Kimya. Nikaandika aache sangara, aje. Saa nne Edward kaniambia Donatus kapiga: mtandao ulikuwa chini, ujumbe wangu unamfikia mmoja mmoja, kwa kuchelewa. Kapanda basi, kashuka, sasa yuko Nkome na sangara watatu.
Nimeshamwandikia awarudishe. Mwanangu, jibu upesi! Dakika mbili hizi zimepita.