Malalamiko Kuhusu Kuchangamka kwa Mwanao

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umekaa, na ikiwezekana umeegemea kitu. Sisi huku ni wazima. Kwa kweli tatizo lenyewe ndilo hilo: tu wazima kupita kiasi, na mmoja wetu amezidisha.

Naandika kwa adabu zote, kama mkwe wako na kama karani wa mahakama aliyezoea kuona malalamiko yakipangwa kwa namba, kukuomba uingilie kati suala la mwanao. Ulinikabidhi mtu mpole, mwenye mikono ya baridi, asiye na neno na mtu. Mtu huyo sinaye tena.

Unajua alivyokuwa. Fundi saa anayeinamia vigurudumu vidogo kutwa nzima, na akiinuka anashika ukuta na kusema ameona nyota. Mafundi wenzake wakambatiza Bwana Taratibu. Akirudi nyumbani alijitupa kwenye kochi, akafumba macho, na kila nilichomuuliza alijibu, "Sawa, mke wangu." Tupake sebule rangi ya kijivu? Sawa, mke wangu. Shangazi yangu aje kuishi nasi? Sawa, mke wangu. Wenzangu kazini, ambao wanapokea kesi za wanandoa asubuhi mpaka jioni, walinionea wivu wa waziwazi.

Kisha akaanguka benki. Foleni ilikuwa ndefu, feni imekufa, na yeye alikuwa ametoka nyumbani bila kunywa hata tone la maji. Alimwangukia mama mmoja aliyebeba trei ya mayai. Alipozinduka, ute ukimchuruzika sikioni, aliuliza kwa upole, "Samahani, wa mwisho ni nani?"

Tukamkimbiza zahanati. Muuguzi akampima amelala, akampima amesimama. Daktari akamchukua damu, akasikiliza moyo, akauliza kama kuna dawa anazotumia. Mwishowe wakasema hakuna ugonjwa uliojificha, ila presha yake iko chini na inashuka zaidi akisimama. "Dada," muuguzi akaniambia, "huyu hatumwanzishii dawa. Tunaanza na maji, chakula na mazoea ya kila siku." Nilimshukuru yule muuguzi. Nilimshika mikono yote miwili, mama. Laiti ningejua.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Maji. Mwanao anakunywa glasi nzima kabla hajashuka kitandani, na siku nzima haachi. Chupa iko dirishani, chupa iko kwenye kabati la nguo, chupa iko nyuma ya redio. Mgeni akibisha hodi, hajamaliza salamu ameshawekewa glasi mkononi, na anasimamiwa mpaka aimalize. Choo chetu ni kimoja, mama. Sitaingia ndani ya jambo hilo, ila fahamu kwamba siku hizi mambo mazito ya familia tunayajadili mmoja akiwa ndani na mwingine akiwa mlangoni.

2. Chumvi. Baada ya kuhakikisha moyo na figo viko salama, daktari alimruhusu aongeze chumvi kidogo, kwa kipimo, na akasisitiza kuwa ruhusa hiyo ni ya kwake peke yake. Shangazi, kama ujuavyo, ana presha ya juu, na chumvi amekatazwa. Kwa hiyo napika sufuria mbili. Moja inaitwa ya Juu, nyingine ya Chini. Siku nilipokosea nikazipishanisha, Shangazi alionja kijiko kimoja, akafumba macho kwa raha, akasema, "Leo umepika." Ilibidi nimnyang'anye sahani kwa nguvu, mtu mzima yule, tukivutana mezani kama watoto.

Wakishakula wanaulizana, "Yako ngapi leo?" kama mashabiki wanaoulizana matokeo ya mpira. Juzi Shangazi akamwambia, "Mwanangu, mimi ninayo ya kumwaga. Chukua kidogo." Nikatafakari usiku kucha, nikaona hoja ina mantiki. Nilikwenda zahanati rasmi kuomba presha za wakazi wa nyumba moja zijumlishwe, kisha zigawanywe kwa haki, kama mahakama inavyofanya kwenye mirathi. Muuguzi alicheka mpaka akatafuta kiti. Nikampa maji. Unaona, mama? Na mimi nimeshaambukizwa.

3. Milo midogo. Zamani mwanao alikula mlima mmoja wa wali mchana, akalala kama chatu mpaka jua lizame. Mchana wa Jumapili ulikuwa mali yangu. Nilisuka nywele, nilisoma gazeti, nilikaa kimya nikasikiliza bomba likidondosha maji. Sasa ameambiwa mlo mkubwa wa wanga unashusha presha, kwa hiyo anakula kidogo kidogo mara nyingi: yai hapa, ndizi pale, maharage, karanga, kikombe cha kahawa asubuhi pamoja na chakula. Matokeo yake halali. Yuko macho Jumapili nzima. Bomba ameshalitengeneza.

4. Soksi. Amepewa soksi ndefu za kubana mpaka magotini, na zinavaliwa asubuhi kabla hajainuka. Hazivaliki na mtu mmoja. Analala chali, mguu juu, mimi nimekanyaga ukingo wa kitanda navuta, yeye anahimiza, "Vuta! Bado kidogo! Usiachie sasa hivi!" Tukimaliza mguu wa pili wote wawili tunahema. Ukuta wa chumba chetu ni mwembamba, na jirani yetu mshonaji, ambaye zamani hakunipa hata salamu, sasa ananiamkia kwa heshima kubwa na kuniuliza siri yangu ni nini. Nikimwambia ni soksi, anacheka na kunipiga begani.

5. Kuinuka kwa awamu. Ameambiwa asisimame ghafla. Kwanza aketi, achezeshe nyayo, akaze mapaja, akunje ngumi, ndipo asimame. Sina ubishi, tangu aanze hajaanguka tena. Ila mwezi uliopita aliitwa mahakamani kwetu kutoa ushahidi wa saa iliyoibwa. Hakimu akaingia, watu wote tukasimama. Mwanao akaanza na nyayo. Hakimu akaketi, nasi tukaketi, na hapo ndipo mwanao alipofika juu, akasimama peke yake katikati ya ukumbi kama mnara.

"Una pingamizi?" hakimu akamuuliza.

Bwana Taratibu wa zamani angeomba radhi akakaa. Huyu wa sasa akajibu, "Ndiyo, Mheshimiwa. Mabenchi haya yanakata mapaja, damu hairudi juu, na hapa ndani hakuna maji ya kunywa." Nilijificha nyuma ya mafaili. Hakimu akaweka kalamu chini, akasema, "Hata mimi huwa naona nyota nikiinuka." Wakazungumza, mama! Mwenye saa anasubiri, mshtakiwa anasubiri, wao wanazungumzia nyayo. Sasa kila kikao kina mapumziko ya maji, hakimu anainuka kwa awamu, mawakili wanaiga ili wasionekane wanamharakisha, na kesi iliyokuwa inachukua asubuhi moja inakwenda mpaka kesho yake. Mafundi wenzake wamemvua jina la zamani. Wanamwita Jenereta.

6. Maoni. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwanao ameanza kuwa na maoni. Anaamka kabla ya jogoo, anazunguka mtaa mzima kwa miguu, anarudi anaimba, na baada ya kifungua kinywa anayatoa. Wiki iliyopita nilimwonyesha kitambaa cha mapazia, akakitazama, akasema, "Hapana."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikauliza tena. Akasema, "Hapana, sikipendi. Na kijivu cha sebule pia sijawahi kukipenda. Nilikuwa nimechoka tu kubishana."

Mama, niliketi. Kwa awamu, lakini niliketi. Miaka yote hii nimejisifu kwamba nina mume ninayeelewana naye. Sasa naambiwa sikuwa na mume anayenielewa, nilikuwa na mume anayekaribia kuzirai. Nikaanza kurudi nyuma, sawa moja baada ya nyingine. Rangi ya sebule. Shangazi. Likizo zote kwa dada yangu. Nikarudi nyuma mpaka siku mliyokuja kuleta posa, na hapo moyo ukanipasuka. Maana na siku ile, alipoulizwa kama ananitaka, mwanao alisema neno hilohilo: "Sawa."

Siku hizi nikimwona anaimba jikoni, mzima, amenawiri, macho yanang'aa, nafurahi, kisha najiuliza: huyu mwanaume mwenye nguvu zake kamili, angenichagua? Sijamuuliza. Ninaogopa ile hapana yake mpya. Anaitamka vizuri mno.

Kwa hiyo, Mama Mkwe, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo. Kwanza, umchukue mwanao ukae naye kwa muda, umpikie ule wali wa mlima, umfiche chupa zake, na umrudishe akiwa ameshuka kidogo. Sisemi azirai. Afike tu pale pa kusema sawa. Pili, kama hilo haliwezekani, unipatie ushahidi wa maandishi, uliotiwa sahihi na wazee wawili waliokuwapo, kuhusu hali ya presha yake siku ya posa: alikuwa amekaa au amesimama? Alikuwa amekula? Alishika ukuta? Nitaupokea ushahidi huo hata kama unaniumiza. Na tatu, iwapo itathibitika kwamba nilipewa jibu la mtu aliyepungukiwa maji, basi niulizwe upya, naye aulizwe upya, mbele ya watu, kila mmoja akiwa amekunywa glasi yake.

Nifikishie salamu zangu kwa baba mkwe na umwambie mguu wake ninauombea. Wasalimu mawifi wote kwa kufuata umri wao ili pasiwe na manung'uniko, shemeji mdogo na biashara yake ya vioo, na jirani yako yule mwenye kuku wanaolala juu ya paa. Shangazi anakusalimu na anasema ya kwake leo imeshuka vizuri, usimwonee huruma.

Naifunga hapa, nikiwa bado mkwe wako kwa heshima na kwa mashaka,

Karani, mke wa Jenereta

N.B. Mama, mambo yamegeuka. Mwanao alinikuta naandika, akaisoma yote akiwa nyuma ya bega langu, na alipofika kwenye posa hakucheka. Nikaona nimuulize tu, liwalo na liwe. Akaniambia kumbe kabla ya siku ile baba mkwe alikuwa hataki anioe, alisema asubiri apate duka lake kwanza, naye mwanao akambishia msimu mzima, asubuhi na jioni, mpaka wewe ukawa unawatenganisha. "Hapana zangu zote nilizimaliza kwa baba," akasema. "Kwako nilifika nimebakiwa na sawa tu." Kwa nini hukuniambia, mama? Basi nimemwambia barua hii naichana. Akasema hapana, iende, mama atacheka sana. Nikasema haiendi. Akasema inaenda. Nikapandisha sauti, naye akapandisha, Shangazi akazima redio ili asikie vizuri. Ni ugomvi wetu wa kwanza, mama, na ni mtamu ajabu. Nina mengi bado sijayasema na ananisubiri hapa amejishika kiuno. Kwa hiyo usije kumchukua. Na ikiwa unausoma mstari huu, basi ujue nimeshindwa.