Diski ya Pili Kutoka Mlangoni

Jumatatu, 20 Septemba 1999

Phelix amepigiwa makofi. Tena! Mimi nimefanya kazi kiwanda hiki cha chai miaka saba. Nimepiga taipu mpaka vidole vikapinda. Makofi sijawahi kupigiwa, hata Krismasi.

Leo wakurugenzi walikuja kuona mashine yake mpya, ile kompyuta ya tangu Julai inayotunza kilo za majani ya wakulima wote, zaidi ya elfu nne. Meneja wetu, Bwana Kipkosgei, aliiagiza kwa sababu anaogopa mwaka elfu mbili, ati kompyuta za zamani zitagoma. Inatumia kitu kinaitwa Linux. Mbele ina diski nne, zimepangwa kama droo za kabati, kila moja na taa yake ya kijani. Phelix akaeleza kwamba tatu zinasaidiana na ya nne inangoja tu mwenzake afe. Halafu, mbele ya wakubwa, akashika diski moja na kuichomoa. Mashine ikapiga kelele, akainyamazisha, kazi ikaendelea. Hakuna kilo iliyopotea. Makofi!

Chelangat wa mapokezi akasema huyu kijana ana kichwa. Chelangat! Ambaye mimi humletea mahindi ya kuchoma kila Ijumaa!

Kuna habari njema lakini. Phelix anahamishwa Nairobi mwisho wa mwezi. Kiti chake, kile kinachozunguka, kitabaki wazi. Atakayekikalia ataitwa Mkuu wa Kompyuta. Ni mimi au Bosibori, yule mama wa kuingiza kilo, ambaye ana mwaka mmoja tu hapa. Jibu liko wazi.

Jumanne, 21 Septemba

Haliko wazi.

Phelix ameenda Siaya, dada yake anaposwa. Atarudi Ijumaa. Daftari lake la mashine amemwachia nani? Bosibori. Nilisimama pale pale, mkono wangu ukiwa tayari kupokea. Akaupita kama mkono wa mlango.

Kazi yenyewe mtoto anaiweza. Kila asubuhi saa mbili unauliza mashine diski zikoje, inajibu, unachapisha karatasi. Juu ni hali ya diski. Chini ni orodha ya mafaili yote mapya na majina ya wenyewe. Unabandika ubaoni, pale kwa birika la chai ya saa nne. Meneja husoma kila mstari. Faili asilolijua hulifungua. Mwezi jana alikuta barua ya Owiti wa stoo akiomba kazi kiwanda kingine, akatusomea kwa sauti. Owiti hajanywa chai pale tena.

Leo karatasi ilikuwa na jina la Bosibori chini kabisa, kwamba ndiye aliyekagua. Nimeisoma mara tano. Chai yangu ikapoa.

Nimepata mpango. Ikiwa Phelix alichomoa diski akapigiwa makofi, na mimi nitachomoa. Nitairudisha, nitasubiri mashine ilie, halafu nitatokea na kuinyamazisha mbele ya watu wote. Bosibori atakuwa anafungua daftari ovyo ovyo. Meneja atajionea mwenyewe.

Jumatano, 22 Septemba

Saa nne Bosibori alitoka kuchukua chai. Nikaingia. Nikachomoa ya tatu kutoka mlangoni, nikairudisha haraka.

Uuuwi! Ile kelele! Juzi Phelix aliizima upesi, sikujua ina nguvu hivyo. Akina mama wa kuchambua chai walidhani ni moto, wakamwagika uwanjani na aproni zao. Owiti alitoka stoo na ndoo mbili za mchanga. Mimi nilikuwa nabonyeza kila kitu. Nilizima taa ya chumba. Nilizima feni. Mashine inalia tu.

Bosibori akaja na kikombe chake mkononi, hata hakukimbia. Akafungua daftari, akaandika maneno mawili kwa kibodi. Kimya. Akamwambia meneja kwamba diski namba mbili imekufa, kwamba ile ya akiba imeanza yenyewe kujaza nafasi yake, na kwamba mpaka imalize kesho asubuhi mtu yeyote asiguse chochote. Meneja akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamwita nguzo ya kiwanda.

Nguzo! Kwa maneno mawili!

Jumatano tena, saa kumi

Naandika mlango nimeufunga.

Wakati wa chakula nilifikiria sana. Bosibori alisema iliyokufa ni namba mbili. Lakini mimi nilichomoa ya tatu! Hapa kiwandani vitanda vya kunyaushia majani tunahesabu kutoka mlangoni: moja, mbili, tatu. Hakuna asiyejua. Kwa hivyo ya pili ilikuwa inakufa kivyake, na duniani ni mimi tu niliyeng'amua.

Saa nane u nusu nikaingia tena. Nje mvua ya mawe, radi juu ya mashamba. Bosibori akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia naangalia kama dari inavuja. Akaandika kitu daftarini, akatoka kufunga madirisha.

Nikaziangalia taa. Ile niliyochomoa asubuhi ilikuwa ya machungwa, imetulia tuli. Nikasema hiyo imepona. Lakini ile ya pili taa yake ilikuwa inapepesa, inatetemeka kama mtu wa malaria. Mgonjwa ndiye huyo! Nikaichomoa.

Taa zote zikawa za machungwa.

Nikairudisha. Bado. Nikaichomoa tena, pamoja na ile ya kwanza. Bado. Sasa nina diski mbili mkononi na sikumbuki ipi ni ya wapi. Nikazisukuma tu. Ile kelele ikaanza, na wakati huo huo radi ikapiga karibu na bohari, dirisha likatikisika. Bosibori akaingia mbio. Mdomo wangu ukasema wenyewe: radi!

Wote wamekubali ni radi. Asante Mungu.

Lakini mashine haiamki. Mkulima ukimtafuta kwa jina, hayuko. Elfu nne, hakuna hata mmoja.

Ijumaa, 24 Septemba

Phelix amerudi na kilo mbili za omena, dagaa wa kwao ziwani, kwa ajili ya ofisi. Hakuna aliyezigusa.

Ameweka kanda ya Jumamosi iliyopita, ile anayonakilia mashine yote kila wiki, na kila kitu kimerudi mpaka siku hiyo. Kilo za Jumatatu, Jumanne na Jumatano hazipo. Wakulima wameambiwa walete risiti zao za kupimia, tuingize upya moja moja. Mimi nimepewa kuanzia herufi C. Huku kwetu nusu ya wanawake majina yao yanaanza na C.

Phelix anashangaa jambo moja tu, radi ilijuaje kubadilishanisha droo. Nikasema radi ina nguvu. Akaniangalia mimi, kisha droo. Halafu akaeleza kwamba mashine huhesabu kuanzia sufuri, kwa hivyo namba mbili ni ile ya tatu.

Sufuri! Nani huanza kuhesabu na sufuri? Ukiulizwa una ng'ombe wangapi, unaanza na yule ambaye huna?

Jumamosi, 25 Septemba

Mama yangu amekuja. Chepchumba mwenyewe, kwa miguu kutoka nyumbani, risiti amezifunga kwa leso, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwapani. Alisimama kwenye foleni kama wengine. Alipofika kwangu akafungua leso. Jumatatu iko. Jumatano iko. Ya Jumanne imelowa mpaka haisomeki. Akaniuliza kwa upole kama mashine imekula chai yake. Kilo kumi na tisa, akasema, na mgongo bado unauma.

Hapo niliona aibu, sitaficha. Nilitaka kumwambia. Nikasema, Mama, ni radi. Akasema ataiombea mashine kanisani kesho.

Bosibori akasikia. Akainuka, akamsalimu kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kile kiti kinachozunguka. Akapiga simu kituo cha kununulia majani, karani akafungua nakala yake, kilo kumi na tisa zikapatikana. Dakika nne! Mama akafurahi mno. Akafungua kibuyu akammiminia Bosibori kikombe. Akammiminia cha pili. Mimi nilipata mashapo ya chini.

Mursik ya mama yangu! Kwenye kiti changu!

Jumatatu, 27 Septemba

Bosibori ndiye Mkuu wa Kompyuta.

Meneja alitangaza pale kwenye birika la chai. Alisoma daftari la Bosibori mbele ya watu, kila jambo na saa yake. Akafika Jumatano, saa nane u nusu: Johana ameingia kuangalia kama dari inavuja. Johana huyo ni mimi! Meneja akainua macho. Akanishukuru kwa kujali mali ya kiwanda. Makofi mawili au matatu hivi, Owiti akiongoza. Phelix hakupiga.

Walimpigia Bosibori mpaka vikombe vikacheza. Chelangat alilia machozi ya furaha.

Phelix akaaga. Akatuachia neno moja, kwamba kitu chenye nakala moja tu ni kama hakipo. Watu wakaguna kukubali. Kusema kweli hata mimi liliniingia.

Jumatano, 29 Septemba

Phelix amekwenda. Nimekuwa nikifikiria neno lake.

Daftari hili lina nakala moja! Mvua ikiingia, panya akilikuta, uchungu wangu wote umepotea. Kwa hivyo leo, saa ya chakula na baada ya kazi, nimeliingiza lote katika mashine, neno kwa neno, bila kuacha hata radi. Bosibori alifikiri namalizia wale wa herufi C. Akanisifu kwa bidii. Masikini, haoni mbali.

Sasa liko kwenye diski tatu na ya akiba inangoja. Jumamosi litaingia kwenye kanda. Hata radi ya kweli haiwezi.

Na jambo tamu nimelifikiria mwenyewe. Miaka saba jina langu halijawahi kuonekana ubaoni. La Bosibori liko kila siku. Basi faili nimelipa jina kwa herufi kubwa: SIRI-ZA-JOHANA. Kesho asubuhi litakuwa juu kabisa ya orodha ya mafaili mapya. Meneja husoma kila mstari.

Karatasi inabandikwa saa mbili. Nitavaa tai.